Simu Isigeuke Dalali wa Kijijini

Wazee wetu wametuachia misemo miwili juu ya biashara, na ukiitazama kwa haraka utadhani inagombana. Mmoja wasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wa pili wasema biashara ni matangazo. Aliyelelewa kijijini hana taabu na huo wa kwanza. Kijijini kila mtu anamjua mwenye asali isiyochanganywa na maji ya sukari, anamjua mama ambaye pilipili manga yake imeanikwa ikakauka barabara, na anamjua msukaji ambaye mkeka wake haufumuki kabla ya Idi mbili kupita. Watu hao hawakupata kupiga mbiu hata siku moja, na wateja wao hawakupungua. Lakini kijiji kina kaya zake chache, na kaya hizo zina fedha zake chache. Mnunuzi mwenye fedha yuko Tanga mjini, yuko Dar es Salaam, yuko Mombasa. Kwa mnunuzi huyo chema cha kijijini hakijiuzi, kwa sababu hajui kama kipo.

Ndiyo maana siku hizi ni nadra kukuta hafla ya wajasiriamali wadogo ambayo mgeni rasmi hamalizi hotuba yake kwa kuwahimiza wananchi watumie mitandao ya kijamii kutangaza bidhaa zao. Makofi hupigwa, picha hupigwa, na mgeni rasmi huondoka. Himizo hilo ni jema, nasi tunaliunga mkono. Lakini himizo peke yake si maelekezo. Mama anayeuza iliki kule Amani, na kijana anayeuza machungwa kando ya barabara kuu pale Muheza, hurudi nyumbani na maswali yale yale waliyokwenda nayo: watumie vipi, na faida itakayopatikana itakuwa ya nani? Swali hilo la pili ndilo tunalotaka kulizungumza leo, kwani ndilo ambalo halizungumzwi.

Tuanze na lililo dhahiri. Hali ya mawasiliano vijijini imebadilika sana, na anayebisha hajatoka mjini siku nyingi. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na mwaka 2008 ikafika Tanzania. Leo hii wakala wa fedha za simu yuko hata kwenye kijiji ambacho benki haijawahi kupeleka karani. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, umekuwa ukizilipa kampuni za simu ruzuku ili zipeleke minara mahali ambapo zisingekwenda kwa kufuata faida tu. Na Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Facebook, Instagram na WhatsApp yamekuwa majina ya kawaida midomoni mwa vijana wa vijijini. Tangu Januari 2018 kuna hata WhatsApp iliyotengenezwa mahsusi kwa wafanyabiashara wadogo, ambayo mwenye duka huandika humo jina la duka, mahali lilipo na saa za kazi.

Mabadiliko hayo yameleta manufaa ya kweli. Chukua mfano wa machungwa ya Muheza. Kwa miaka mingi mkulima alikuwa akikaa shambani akimsubiri mnunuzi aje na gari, mwingine akitokea Kenya kwa kupitia Horohoro. Mnunuzi alikuja na dalali, dalali akaitazama miti kwa macho, akataja bei, na mkulima akakubali kwa kuwa hakuwa na habari ya soko na chungwa lililoiva halingoji. Leo mkulima huyo akiwa na ndugu au rafiki katika soko la Dar es Salaam, anaweza kuletewa bei ya asubuhi kabla dalali hajafika shambani. Habari hiyo ni silaha. Hata asipouza chungwa moja kwa njia ya simu, bei ya dalali itakuwa na adabu kidogo, kwani atakuwa akizungumza na mtu anayejua.

Hata hivyo, silaha ikiwa mikononi mwa asiyefundishwa huweza kumdhuru mwenyewe. Yako mambo manne ambayo wahimizaji wetu hawayasemi.

La kwanza ni kwamba si kila bidhaa inafaa kuuzwa kwa picha. Chungwa ni zito, laharibika upesi, na bei ya moja ni ndogo. Mtu wa Dar es Salaam aliyependezwa na picha ya machungwa hawezi kuagiza kumi yapelekwe kwake, kwa sababu nauli ya mzigo itameza thamani ya machungwa yenyewe. Chungwa huuzwa kwa gari zima, na anayenunua gari zima ni mfanyabiashara. Kwa hiyo kazi ya simu katika machungwa ni kutafuta habari za bei na kuwapata wanunuzi wa jumla wawili watatu badala ya mmoja, ili washindane. Lakini iliki, pilipili manga, mdalasini na karafuu za milima ya Usambara Mashariki ni jambo lingine. Vitu hivyo ni vyepesi, havioozi vikikaushwa vyema, na kiasi kidogo kina thamani. Kadhalika asali, na kadhalika mikeka na vikapu vya ukindu. Hivyo ndivyo vinavyostahili kutangazwa kwa mlaji mmoja mmoja. Anayewafundisha wakulima wa machungwa na wauza viungo somo moja, kwa maneno yale yale, hajawafundisha wote wawili.

La pili ni hesabu. Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika biashara ya simu mali hupotea upesi zaidi kwa sababu fedha hazionekani. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mama anauza pakiti ya pilipili manga kwa shilingi 6,000. Pilipili yenyewe yamgharimu 3,000. Mfuko na karatasi ya jina ni 400. Kifurushi cha intaneti na makato ya kutolea fedha, ukigawanya kwa kila pakiti, ni 200. Sasa mteja wa mjini ameagiza pakiti moja, na basi linatoza 3,000 kupeleka mzigo mdogo. Mama huyu, ikiwa ameahidi kumfikishia mteja kwa bei ile ile aliyoitangaza, ametumia 6,600 ili apate 6,000. Amepata mteja, amepata sifa, na amepata hasara ya shilingi 600. Asipoandika, hatajua. Ataona fedha zinaingia kwenye simu kila siku, na mwisho wa mwezi atashangaa kwa nini hana mtaji wa kununulia pilipili nyingine.

Hebu sasa pakiti kumi ziende pamoja katika boksi moja, kwa nauli ya 4,000. Nauli ya kila pakiti imeshuka hadi 400, na kila pakiti imeacha shilingi 2,000. Bidhaa ni ile ile, tangazo ni lile lile, bei ni ile ile. Tofauti yote imetokana na kupeleka pamoja. Lakini mama mmoja hapati wateja kumi wa mji mmoja kwa siku moja. Kina mama kumi wanawapata. Tunaomba msomaji aihifadhi hesabu hii, kwani tutairudia.

La tatu ni uaminifu. Wengi wetu tulipita chuoni kabla ya kupita shule, na miongoni mwa mambo ya mwanzo tuliyofundishwa ni kwamba kupunja mizani ni dhambi kubwa, na kwamba muuzaji hana haki ya kuficha kasoro ya kitu anachokiuza. Mafundisho hayo yalitolewa kwa watu waliokuwa wakionana uso kwa uso, ambapo mnunuzi aliweza kulishika zao, kulinusa na kulipima. Katika soko la simu mnunuzi haoni ila picha, na picha inaweza kuwa ya mtu mwingine. Analipa kwanza, kisha anangoja. Uaminifu ambao sokoni ni nyongeza, kwenye simu ndio mtaji wenyewe.

Na mtaji huo umechezewa vibaya. Hakuna asiyepata kuletewa ujumbe wa kitapeli wa kumtaka atume fedha "kwa namba hii". Wapo waliolipia nguo wakaletewa matambara, na wapo waliolipia simu wakaletewa kipande cha mti. Ubaya wa tapeli haukomei kwa yule aliyemwibia; humwibia pia muuzaji wa kweli ambaye hajawahi kumwona, kwani mnunuzi aliyeumwa na nyoka huogopa hata ung'ongo. Mama wa Amani analipia makosa ya mhuni wa mjini.

Liko na tabia jingine ambalo si wizi lakini linazaliwa katika ukoo mmoja na wizi: ile desturi ya kuweka picha ya bidhaa na kuficha bei, ili kila anayeuliza aitwe faragha na kutajiwa bei kwa kadiri ya sauti yake na lafudhi yake. Wanaofanya hivyo hudhani ni ujanja. Sisi twasema ni ulanguzi uliovaa nguo mpya. Muuzaji wa kijijini anayetaka kujenga jina na aandike bei, aandike uzito, na aandike nauli. Na uzito uwe wa mizani, si wa kopo. Serikali imekuwa ikipigana na lumbesa miaka nenda miaka rudi, magunia yanayojazwa hadi kufungwa kilemba na kulipwa kama gunia la kawaida. Katika lumbesa mkulima ndiye anayepunjwa. Itakuwa aibu ikiwa mkulima huyo huyo, akipata nafasi ya kumuuzia mlaji moja kwa moja, naye atamuuzia robo isiyotimia.

La nne ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni umiliki wa soko. Watu wengi wanaizungumzia mitandao ya kijamii kana kwamba ni uwanja wa kijiji, ambapo kila mtu anatandika mkeka wake bure. Si uwanja wa kijiji. Facebook, Instagram na WhatsApp zote tatu ni mali ya kampuni moja ya Marekani, iitwayo Meta tangu mwaka 2021. Kampuni hiyo haiuzi viungo wala machungwa; inauza macho ya watu kwa wenye kutangaza. Januari 2018 kampuni hiyo ilitangaza kwamba katika Facebook itatanguliza habari za ndugu na marafiki mbele ya zile za biashara na za vyombo vya habari. Mtu aliyetumia miaka mitatu kukusanya wafuasi aliamka akakuta tangazo lake linawafikia wachache zaidi, na njia ya kuwafikia waliosalia ni kulipia. Hakuitwa mkutanoni, hakuulizwa maoni. Mwenye soko amehamisha meza.

Halafu soko lenyewe linaweza kufungwa bila taarifa. Oktoba 4, 2021 mitandao hiyo yote mitatu ilizimika dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi. Mei 12, 2024 nyaya zinazopita chini ya bahari zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo, ikazorota kwa siku kadhaa. Siku ya uchaguzi mkuu, Oktoba 29, 2025, intaneti ilizimwa nchini na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Sababu za matukio hayo ni mbalimbali, na hapa si mahali pake pa kuzijadili. Tunachosema ni kwamba kwa mwenye biashara ndogo matokeo yake yalikuwa mamoja: maagizo hayakuingia, na mwenye mzigo uliokwisha kufungwa hakujua ampigie nani, kwa sababu namba za wateja wake zilikuwa zimelala ndani ya mtandao na hazikuwa katika daftari.

Kuna dalali mwingine aliye karibu zaidi kuliko Marekani. Huyu ni kijana wa mjini, mwenye simu nzuri na lugha tamu. Hupanda mlimani, huwapiga picha kina mama wakianika iliki, hununua kilo chache kwa bei ya kijijini, na akirudi mjini huzitangaza picha zile kwa namba yake. Mlaji anaona mikono ya mkulima, anaguswa moyo, analipa bei nzuri. Bei hiyo nzuri haifiki kwenye mikono iliyopigwa picha. Hatusemi kwamba kijana huyo hana kazi aliyoifanya. Anasafirisha, anafungasha, anatafuta wateja, na kwa hayo anastahili ujira. Lakini ujira si urithi. Zamani dalali aliificha bei ya mjini ili mkulima asiijue. Huyu wa leo anamficha mkulima ili mjini wasimjue. Kwa mkulima, tofauti iko wapi?

Hayo manne yote yana dawa moja, na dawa hiyo haitoki Marekani. Jina lake ni ushirika.

Tunajua kwamba neno hilo lina majeraha. Wenye umri wanakumbuka jinsi vyama vya ushirika vilivyovunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na wanakumbuka pia mizani mibovu na malipo yaliyochelewa. Wasiosahau hayo hawakosei. Lakini ushirika tunaouzungumzia hapa ni mdogo, wa watu wanaojuana kwa majina, kumi hadi ishirini, wenye mzigo mmoja, boksi moja na daftari moja. Turudi kwenye hesabu yetu: ni kule kupeleka pamoja kulikogeuza hasara ya 600 kuwa baki ya 2,000. Hakuna tangazo lolote, hata liwe na picha nzuri namna gani, lingeweza kufanya kazi hiyo.

Wako wanaopenda kutolea mfano China, na mfano ni mzuri mradi usimuliwe wote. Mwaka 2006 kijana mmoja alirejea katika kijiji chake cha Dongfeng, mkoa wa Jiangsu, akafungua duka la samani katika soko la intaneti la Taobao. Majirani walimwiga, na punde kijiji kizima kikawa kinatengeneza rafu na makabati. Kampuni ya Alibaba, yenye soko hilo, ilianza kuvihesabu vijiji vya namna hiyo, yaani vile ambavyo mauzo yake ya mwaka yanafika Yuan milioni 10. Mwaka 2009 vilikuwa vitatu. Mwaka 2020 vilifika 5,425. Wahimizaji wetu hukomea hapo. Hawasemi kwamba barabara za lami, umeme na kampuni za kuchukua mizigo hadi mlangoni vilikwenda pamoja na maduka hayo. Hawasemi kwamba majirani walipoiga bidhaa moja walianza kushushiana bei wenyewe kwa wenyewe. Wala hawasemi kwamba mwenye soko ndiye aliyekuwa akihesabu. Somo la China ni hili: simu huuza pale ambapo mzigo unaweza kutoka, na huleta neema pale ambapo majirani wamekubaliana kutoumizana.

Basi, kwa vikundi vyetu, tunapendekeza mambo machache yanayowezekana bila kungojea mfadhili.

Kwanza, kikundi kiwe na namba moja ya simu ya biashara, iliyosajiliwa kwa utaratibu, na namba moja ya kupokelea malipo, isiyochanganywa na fedha ya mboga ya mtu yeyote. Katibu anayeishika simu abadilishwe kwa zamu, na awe mwanakikundi, si mpwa wa mwenyekiti aliye mjini. Si lazima kila mwanachama awe na simu janja. Simu janja moja na vitochi kumi vyatosha, maadamu kila kinachoingia kinasomwa mbele ya wote.

Pili, iwepo mizani iliyokaguliwa, na kipimo kimoja cha ukavu na usafi ambacho kila mwanachama analazimika kukifikia. Zao lisilofikia lirudishwe kwa mwenyewe, hata akiwa mwenyekiti. Bidhaa za kuliwa zipelekwe SIDO, shirika ambalo tangu mwaka 1973 kazi yake ni kuvilea viwanda vidogo, ili kikundi kifundishwe kufungasha na kuongozwa hadi kupata alama ya ubora ya TBS. Alama hiyo katika picha ina uzito kuliko maneno mia ya kujisifu.

Tatu, kila pakiti iandikwe jina la kijiji na namba ya kikundi, ndani na nje. Hili ni jambo dogo, lakini ndilo linalomzuia dalali wa picha. Hata bidhaa ikipita mikono mitatu, mlaji atakayeipenda ataweza kumpigia aliyeilima.

Nne, majina na namba za wateja yaandikwe katika daftari la karatasi, pamoja na alichonunua kila mmoja na siku aliyonunua. Mtandao ukizimika, kikundi kitapiga simu au kutuma ujumbe mfupi wa maneno. Daftari hilo ndilo mali ya kikundi. Ukurasa wa Facebook ni kibanda cha kupanga. Daftari hilo pia ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, haimruhusu mtu kuzitawanya habari za mwenzake apendavyo. Namba ya mteja isigawiwe, na picha ya mtoto wa mtu isitumiwe kuuzia asali.

Tano, kikundi kisianze kwa kulipia matangazo. Kianze na watu wanaokijua kijiji. Hakuna kijiji cha mkoa wetu kisicho na wana wake walioko Tanga mjini, Dar es Salaam na Mombasa, na wana hao tayari wana makundi yao ya WhatsApp ya kuchangia misiba na harusi. Humo ndimo pa kuanzia. Mtu akiona viungo vya kwao, vyenye bei, uzito na jina la kijiji, hahitaji kushawishiwa. Naye akiridhika atamwambia jirani yake, na neno la jirani bado ndilo tangazo lisilo na makato.

Yapo pia yanayowahusu viongozi na watendaji, na haya tunayasema bila kumung'unya maneno. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia kumi ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, na mbili kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya ubadhirifu, na mwaka 2024 mikopo ikaanza tena kutolewa. Mkopo unaonunua mizani, mashine ya kufungia mifuko na turubai za kuanikia ni mkopo wa maendeleo. Mkopo unaomnunulia mtu simu ya fahari ili akapige picha ni deni. Maofisa biashara na maofisa maendeleo ya jamii wanajua tofauti hiyo, na wanapaswa kuisema kabla ya hundi kuandikwa.

Semina nazo zitoke hotelini. Mafunzo ya kuuza viungo kwa simu yafanyike kule kule mlimani, mahali ambapo mtandao hushika ukisimama juu ya jiwe na hupotea ukishuka bondeni, ili mkufunzi naye ajifunze. Barabara za kupandia milimani zipitike masika, kwani ahadi iliyotolewa kwa simu hutekelezwa kwa gurudumu. Mzigo uliokwama kwenye tope siku tatu umemfukuza mteja ambaye tangazo lilichukua miezi mitatu kumpata.

Hatuiogopi simu, wala hatuwatukuzi wasioijua. Kijana wa kijijini asiyetaka kukimbilia mjini ameipata njia ambayo baba yake hakuwa nayo, nasi tungekuwa watu wa ajabu kama tungemziba. Tunachokataa ni ile imani kwamba kifaa kitafanya kazi ya watu. Mzani haukumwondoa mpunjaji. Aliondolewa na wakulima walioungana wakasimama kando ya mzani. Gari halikumwondoa mlanguzi. Mara nyingi ndilo lililomfikisha. Na simu, ikishikwa na mkulima mmoja mmoja, kila mtu kivyake na bei yake, itamfikisha dalali hadi chumbani.

Misemo ile miwili tuliyoanza nayo haigombani. Chema chajiuza kwa anayekijua. Matangazo ni ya kumfanya asiyekijua akijue. Lakini kipo kitu kati ya kujulikana na kunufaika, na kitu hicho ni mpango wa pamoja: mizani moja, daftari moja, boksi moja, jina moja. Vikundi vya Amani, Muheza na kwingineko vikilipata hilo, simu itakuwa tarishi wao. Visipolipata, wao ndio watakaokuwa matarishi wa simu.